Hatua Nne Mlangoni

Nimepika kwa Rabi wa Kalinke miaka thelathini na mmoja, na katika miaka hiyo nimesikia Torati nyingi kuliko wanaume wengi wanaojishika ndevu, kwa sababu jiko langu na chumba chake cha vitabu vinatenganishwa na mlango usiofungika vizuri. Mtu asije akaniambia kwamba mwanamke wa jikoni hajui kitu. Habari za Reb Zimel, yaani Bwana Zimel, nazijua kuliko waliokuwa chumbani, maana wao walikuwa wakisema na mimi nilikuwa nikisikiliza.

Zimel alikuwa mhudumu wa sinagogi yetu. Alfajiri alipita na nyundo ya mti akigonga madirisha ili watu waamke kwenda kusali. Mchana alifagia, akapasua kuni, akatia taa mafuta. Wasafiri maskini waliopita mjini yeye ndiye aliyewapa mahali pa kulala, yaani benchi la nyuma ya jiko la sinagogi, kwa sababu mahali pengine hapakuwepo. Alikuwa mjane, mfupi, mwenye mwendo wa bata, na hakuwa na makuu. Kitu kimoja tu kilimkosesha raha: kushindwa katika fasiri.

Kila siku, kati ya sala ya alasiri na sala ya jioni, wanaume walikaa kwenye meza ndefu wakaichambua Torati, na kila siku Fayvish mshona kofia alimwaibisha Zimel mbele za watu.

"Zimel, wewe Torati unaijua kama mbuzi anavyoijua bustani," Fayvish alimwambia. "Unaingia, unakula, unatoka. Ukiulizwa umekula nini, hujui."

Watu walicheka, na Zimel mwenyewe alicheka nao. Lakini akija kwangu kuchukua makaa, nilimwona alivyouma midomo.

Majira ya baridi yale, katika juma la kusoma habari za kuvuka bahari, Fayvish alitupa swali lake. Wana wa Israeli wamefika majini, Wamisri wako nyuma, Musa analia, na Mungu anamwambia aache kulia, awaambie watu waende mbele. Wafasiri wetu wanasema bahari haikupasuka pale pale. Alitokea mtu mmoja akaingia, maji yakamfika magotini, yakamfika kiunoni, yakamfika puani, ndipo bahari ikafunguka.

"Haya, nijibuni," akasema Fayvish. "Kama mtu huyo alijua bahari itafunguka, ushujaa wake uko wapi? Na kama hakujua, si alikuwa anajiua tu, na kujiua ni dhambi? Zimel, nakupa mpaka kesho jioni. Usije ukaniletea majani ya bustanini."

Hiyo ilikuwa Jumatano. Jioni ile ile akaja msafiri, kichwa chote kimefungwa kitambaa kwa sababu ya jino, yakionekana macho tu na pua. Hakutaka kula. Zimel alimvua koti lililolowa theluji, akalitundika kwenye msumari nyuma ya jiko, akaona kiwiko kimeshonwa kwa uzi wa kijani kibichi juu ya kitambaa cheusi. Alicheka kidogo moyoni. Kisha akarudi kwenye kitabu chake na msafiri akageukia ukutani.

Asubuhi, baada ya sala, watu walipokwisha kutawanyika, Zimel alikuwa peke yake mezani, kidole kikiwa juu ya mstari, na jibu la swali la Fayvish limeanza kumjia. Alikuwa amelishika mkia. Msafiri akasimama mlangoni.

"Mzee, njia ya Ravnitse ni ipi?"

"Shuka mpaka mtoni, vuka, utaiona," akasema Zimel. Akanyoosha mkono wa kushoto, akampa kipande cha mkate, na macho hayakutoka kitabuni. "Nenda na amani."

Mlango ukafungwa. Basi, ndiyo hivyo tu. Amenisimulia mara mia na hajawahi kuongeza neno.

Kwetu mgeni hatoki peke yake. Ukimkaribisha mtu, unamlisha, na akiondoka unatoka naye nje, japo hatua nne. Mtu wa kwetu akiacha kumsindikiza mgeni si kwamba amekosa adabu. Amevunja sheria, na watoto wanaijua kabla hawajajua kufunga viatu. Zimel alikuwa ameifuata maisha yake yote. Siku hiyo moja alikuwa ameshika mkia wa jibu.

Alipomwambia avuke, alikuwa na maana ya daraja, ambalo liko kushoto, nyuma ya kiwanda cha ngozi. Kila mtu wa Kalinke anajua. Na juma lile mwenye nyumba ya ulevi alikuwa amekatiwa barafu ya kuweka ghalani, mto ukaachwa na shimo kubwa kama chumba, kisha likaganda juu juu na theluji ikalifunika. Hilo nalo kila mtu wa Kalinke alilijua. Hakuna aliyechomeka hata tawi la mti pale kuwa alama. Mimi nilipita na ndoo zangu mara mbili kwa siku, na sikuchomeka.

Jioni ile Zimel akajibu. Alisimama, akasema, "Hakujua. Lakini alisikia watoto wanalia nyuma yake. Hakuingia kwa sababu ya bahari, Fayvish, aliingia kwa sababu yao."

Watu wote wakaipiga meza kwa viganja. Fayvish akasimama akampa mkono. Zimel alikuja kwangu kuchukua makaa akiwa amesahau chombo cha kuyatilia. Sijamwona na furaha kama ile, kabla wala baada.

Mwili uliibuka theluji ilipoyeyuka, siku kumi kabla ya Pasaka, chini karibu na kinu cha kusagia. Uso haukuwepo tena. Maji na samaki walikuwa wameumaliza. Koti lilikuwepo, na uzi wa kijani ulikuwepo. Zimel, aliyekwenda kusaidia kuubeba, aliuona ule uzi akakaa chini kwenye tope.

Tulimzika bila jina. Koti Zimel hakukubali litupwe. Alilikausha, akalirudisha kwenye msumari ule ule. Kisha akachukua kamba yangu ya kuanikia nguo, bila hata kuniomba, akatoka kwenda kupima. Kutoka pale mwili ulipoibukia mpaka nyumba ya kwanza ya Kalinke, kisha kutoka pale pale mpaka nyumba ya kwanza ya Ravnitse. Siku mbili. Wakulima waliokuwa wakipita walidhani ameajiriwa na serikali. Akarudi matope mpaka masikioni, akaingia kwa Rabi bila kubisha.

"Ni sisi, Rabi," akasema. "Sisi ndio wa karibu."

Rabi alielewa mara moja. Katika Torati, maiti akikutwa njiani na muuaji hajulikani, hupimwa mji ulio karibu, na wazee wa mji huo humvunja ndama shingo bondeni, wakanawa mikono, wakasema damu ile hawakuimwaga wao. Na mfasiri wetu mkubwa anauliza: nani angewashuku wazee wa baraza kuwa ni wauaji? Halafu anajibu: wanachosema ni kwamba hatukumwona tukamwacha aende bila chakula na bila kusindikizwa.

"Sheria hiyo ililala tangu Hekalu lilipobomolewa, Zimel," Rabi akasema taratibu. "Hakuna ndama tena. Hakuna wazee wa kunawa. Hakuna anayekudai."

"Ndama hayupo, sawa. Na kosa nalo halipo?"

Rabi akafunga kitabu kilichokuwa mbele yake.

"Kosa lipo," akasema.

"Sasa nifanye nini?"

"Mkate ulimpa, Zimel."

"Nauliza nifanye nini, Rabi!"

Mimi jikoni nilikuwa nimeshika chungu, nikasubiri jibu la Rabi. Halikuja. Maji yakimwagika hayazoleki, kila mtu anajua. Lakini kumwona mtu mzima ameinama sakafuni anajaribu kuyazoa kwa viganja, hilo ni jambo jingine.

Tangu siku hiyo Zimel akawa kichekesho cha barabara kuu nzima. Kila mgeni aliyeondoka alimsindikiza, tena si hatua nne: mpaka darajani, na juu ya daraja, na ng'ambo. Alimwuliza jina lake, jina la baba yake, jina la mkewe, mji wake. Na alimtazama usoni, akamkodolea macho mpaka mgeni anaona haya. Mwuza sindano mmoja alinijia mbio akauliza kama mzee yule ni mzima au tuna desturi ya kuwaroga watu.

"Anakuhesabu nyusi tu," nikamwambia. "Nenda zako, hakuna ubaya."

Na kila mmoja Zimel alimwuliza: unamjua mtu aliyepotea, mwenye koti jeusi, kiwiko kimeshonwa kwa uzi wa kijani? Alikuwa akijua jambo ambalo sisi wengine hatukutaka kulifikiria. Mtu mzima ana mke mahali fulani. Na kwetu mke ambaye mume wake hajulikani kama yu hai au amekufa hawezi kuolewa, si baada ya miaka saba, si baada ya hamsini. Anakaa amefungwa mpaka atokee mtu wa kusema: nimemwona amekufa, na ni yeye.

Fayvish hakumtania tena. Mezani Zimel hakufungua kinywa tena.

Mwaka wa tisa, baada ya sikukuu za majira ya vuli, akaja mwanamke. Aliingia kwa mlango wa jikoni kwangu, viatu mkononi. Jina lake Charne, anatoka mbali, mji ambao sijawahi kuusikia. Mwuza sindano alikuwa amefika huko na kichekesho chake cha mzee wa nyusi.

"Mama, nimeambiwa mnalo koti," akaniambia. Hakukaa, hakunywa chai.

Nilimpeleka sinagogi mwenyewe. Zimel alikuwa anafagia. Charne alilishika lile koti kwenye msumari, akaukunja mkono wa koti, akapitisha kidole juu ya mshono.

"Sikuwa na uzi mweusi," akasema. "Alinigombeza. Alisema watu watamcheka. Nikamwambia, Notke, nani atakutazama kiwiko?"

Zimel aliangusha ufagio. Nikafurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kweli. Nikasema moyoni, imekwisha, mwanamke atafunguliwa na mzee wetu atalala usingizi. Njiani kurudi kwa Rabi, Charne alinieleza kwamba kwao yuko fundi vioo, mjane mwenye watoto wawili, anamsubiri mwaka wa tatu huu. Amesema majira haya ya baridi ndiyo ya mwisho. Watoto wanahitaji mama. "Simlaumu," akasema. "Na watoto wenyewe wananiita mama tayari. Wanakosea, wananiita, halafu wanaziba midomo."

Rabi alimsikiliza kila kitu. Alikuwa amezeeka, na alimtaka Mungu ampe njia. Nilimsikia akifungua kitabu hiki na kufunga kile. Mwishowe akasema, "Binti yangu, koti si mtu. Koti huazimwa, koti huuzwa, koti huibwa. Kuna alama mwilini?"

"Nyusi ya kushoto. Farasi alimpiga teke utotoni, ikagawanyika katikati, hapaoti nywele. Upana wa kidole."

"Hiyo ni alama," akasema Rabi, na sauti yake ikapanda. "Hiyo ni alama nzuri kabisa. Sikiliza, binti yangu. Katika kumfungua mwanamke kama wewe, wahenga wetu wamelegeza kila walipoweza. Shahidi mmoja anatosha. Hatumhoji kama tunavyomhoji shahidi wa mambo mengine. Mtu mmoja akiniambia kwamba aliyetoka asubuhi ile na koti hili alikuwa na nyusi hiyo, mimi nakuandikia ruhusa leo, na mzigo uwe juu ya shingo yangu." Kisha akaita, "Badane! Mwite Reb Zimel."

Badane ndiye mimi. Nilikimbia. Na sitaficha nilichofanya: nilipomkuta Zimel uani nilimshika ukosi wa nguo.

"Anataka kukuuliza kama uliona nyusi ya kushoto imegawanyika," nikamwambia. "Umeiona. Umenisikia? Umeiona!"

"Badane..."

"Yule bwana alivaa kitambaa, na macho yakabaki wazi. Nyusi si ziko juu ya macho? Uliona bila kujijua. Nani atakupinga? Marehemu?"

"Na kama koti aliliuza?" akasema. "Na kama Notke yuko hai huko Odessa, na yule aliyezama ni mtu mwingine? Ataolewa, atazaa, halafu mume atafungua mlango. Watoto wake hawataoa wala kuolewa kwetu mpaka kizazi cha kumi. Nimwue mmoja kwa kutotazama, niwaue kumi kwa kusema nilitazama?"

"Ni yeye, Zimel! Wewe unajua ni yeye, mimi najua, uzi unajua!"

"Najua," akasema. "Lakini sikuona."

Aliingia. Mimi nikabaki kwenye mlango wangu usiofungika, mikono imejaa unga. Charne alikuwa amesimama dirishani. Rabi akauliza polepole, kama anayemwongoza mtu mgonjwa kushuka ngazi.

"Reb Zimel. Mtu yule alipotoka, ulimwona nyusi?"

Nikasema kimoyomoyo: sema. Torati nzima ni watu waliosema neno kwa wakati wake. Yule aliingia baharini mpaka puani, na wewe neno moja tu. Nilimwombea aseme uongo, mimi niliyekaa nyumba ya Rabi miaka hiyo yote.

"Alisimama pale mlangoni," akasema Zimel. "Aliniuliza njia. Alikuwa karibu nami kama ulivyo karibu wewe, Rabi. Na mimi sikumtazama."

"Fikiri. Usiku ule, pale karibu na jiko la sinagogi, moto ulipomulika..."

"Nilitazama koti."

"Macho ulituambia yalikuwa wazi."

"Sikumtazama, Rabi. Miaka tisa nauita uso ule uje. Hauji. Nikisema naona nyusi, ni kwa sababu nimetajiwa sasa hivi."

Rabi akafunika uso kwa viganja. Charne ndiye aliyesema, wala hakupaza sauti.

"Mungu aliiona ile nyusi," akasema. "Aliiona asubuhi ile na aliiona chini ya barafu. Mbona Yeye hammwiti awe shahidi?"

Miaka thelathini na mmoja ya kusikiliza kwenye mlango ule, sijasikia swali ambalo Rabi hakulipatia mfasiri wa kulijibu, isipokuwa mawili: lile la Zimel, nifanye nini, na hili la Charne.

Rabi aliandika barua tatu kwa marabi watatu wakubwa kuliko yeye. Alimwambia Charne asikate tamaa. Yeye akasema ahsante, na sote tulijua majibu yatakuja ya namna gani: yenye heshima nyingi na orodha ya mashaka, bila ruhusa.

Aliondoka kesho yake. Zimel alikuwa langoni kwetu tangu alfajiri; siku hiyo watu walichelewa kusali kwa kuwa hakuna aliyewagongea madirisha. Alikuwa na lile koti, amelikunja vizuri. Charne alilitazama akatikisa kichwa.

"Si mtu hilo, si ndivyo tulivyoambiwa? Litundike. Kama yuko hai atakuja kulichukua."

Akaanza kwenda. Zimel akachukua mzigo wake wa nguo, akamfuata. Na mimi nikafuata na mkate, kwa sababu ningefanya nini kingine? Tukapita kiwanda cha ngozi, tukavuka daraja. Mto ulikuwa bado haujaganda. Ng'ambo, pale ambapo Zimel hugeukia, hakugeuka. Tulifika kinu. Tulipita kinu. Mzee wa watu alikuwa anahema, miguu yake ya bata inaburuta majani makavu.

"Rudi sasa, baba," Charne akamwambia. "Umefika mbali."

"Bado kidogo."

"Zilikuwa hatua nne tu."

Akasimama. Hata mimi nilisimama, na mkate kifuani. Zimel aliweka mzigo chini. Alilia, mimi nikalia, Charne hakulia. Kisha mzee akasema, kama mtoto anayeomba kitu ambacho tayari amekatazwa, "Binti yangu, niruhusu nikutazame."

Nilidhani Charne atamtemea mate. Lakini alishusha ushungi wake mpaka mabegani, akasimama mbele yake na uso wazi kwenye mwanga wa asubuhi: macho ya kijivu, alama ya tetekuwanga shavuni, na mvi ambazo mwanamke wa miaka thelathini na minne hapaswi kuwa nazo. Akamwacha atazame mpaka atosheke.

"Haya, umeniona," akasema. "Lakini mimi, baba, hakuna atakayekuja kuniulizia."

Akainua mzigo wake mwenyewe, akachukua mkate mikononi mwangu, akashika njia ya Ravnitse.